Huruma Iliyokula Mapaja

Mtu anayemwona Dorotea kwa mara ya kwanza huangalia tumbo lake. Huo ni uvivu wa macho, maana tumbo linajionyesha lenyewe bila kuombwa. Kilichostahili kuangaliwa mwaka ule ni kiganja chake cha kulia, pale katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ambapo watu wengine wana kinundu cha nyama. Dorotea alikuwa na shimo. Ungeweza kuweka punje ya karanga mle na isidondoke. Na mkono huohuo, kwa miaka ishirini na saba, ulikuwa umeinua ndoo za dagaa na kuzipandisha kichwani bila mtu yeyote kumtwisha.

Shimo lile halikuchimbwa na ugonjwa peke yake. Ugonjwa ulianza kuchimba, kisha watu wanaompenda wakashika majembe na kusaidia.

Dorotea alizaliwa Usagara, penye njia panda, katika nyumba ya mkulima wa pamba aliyeamini kwamba binti asiyejua kubeba hajui kitu. Aliolewa na mvuvi aitwaye Elias, akahamia kwenye mwalo mdogo wa kupokelea mitumbwi upande wa Butimba, akazaa mtoto mmoja, Masele, na akawa mjane kabla mtoto hajaanza shule. Alichobaki nacho ni kichanja kimoja cha miti na wavu cha kuanikia dagaa. Kichanja hicho ndicho kilichomsomesha Masele mpaka akawa fundi wa kuchomelea mageti huko Buhongwa.

Wanawake wa mwalo ule walikuwa kumi na wanane, kila mmoja na kichanja chake, na walikuwa na sheria moja waliyoiheshimu kuliko nyingine zote: ndoo haibebewi. Zamani wake za watu wenye uwezo walikuwa wakijiandikisha vichanja, kisha wanatuma vibarua, na wajane wanabaki wakianika dagaa zao mchangani. Ndipo wanawake wakakata shauri. Mwenye kichanja lazima apokee ndoo kwenye mtumbwi na kuifikisha kwenye kichanja chake kwa kichwa chake mwenyewe. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na giza likirudi hutoka tena. Basi hesabu yao ilikuwa kwa giza. Atakayepitisha giza sita bila kubeba hata ndoo moja, kichanja chake anapewa mwingine. Dorotea alikuwa mmoja wa waliopiga kura kuipitisha sheria hiyo. Alinyoosha mkono wa kulia.

Miaka yote hiyo alipokea ndoo akiwa amesimama majini, maji yakimfika mapajani. Kichocho kiliingia taratibu, kikakaa, kikajenga. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba alikuwa pia na virusi vya homa ya ini, ambavyo hakuna aliyejua vilikotoka. Wageni hao wawili walishirikiana kulijaza ini makovu, na mwenye nyumba hakuwa na habari mpaka tumbo lilipoanza kujaa maji.

Mwaloni hapakosi midomo.

"Mama Masele, mimba ya miezi mingapi hiyo?" aliuliza mwanamke mmoja siku tumbo lilipoanza kuonekana.

"Muulize marehemu," alijibu Dorotea, na watu wakacheka.

Alicheka nao. Lakini liliposemwa neno ini, kicheko kilibadilika. Walianza kunong'ona kuhusu gongo. Ini si gongo? Nani anaugua ini bila kunywa? Dorotea hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha. Kanisani alikaa benchi la pili kila Jumapili, na sasa watu wa benchi la tatu walikuwa wakinusa mgongo wake. Jambo hilo lilimchoma kuliko tumbo lenyewe, kwa sababu waliokuwa wakinong'ona ni wanawake waliosimama naye kwenye maji yaleyale, wenye wadudu walewale matumboni mwao.

Alitapika damu siku ya Jumapili, mbele ya ua wa Masele. Hospitalini madaktari walipitisha mpira kooni, wakaifunga mishipa iliyokuwa imevimba ndani, wakampa dawa za kupunguza maji na za kuvituliza virusi, na akapona kifo. Kwa hao Dorotea hakuwa na neno isipokuwa "wabeja," yaani asante.

Neno alikuwa nalo kwa mhudumu wa zahanati moja ya mtaani, ambako Masele alimpeleka baadaye kuchukua dawa za mwezi. Mhudumu alimtazama kwa sekunde chache, akamgeukia Masele kana kwamba mama ni mzigo ulioletwa kwenye toroli.

"Ini limechoka hili. Asile nyama, asile mayai, samaki wala dagaa, na maharage aache. Apewe uji na matunda. Na apumzike kabisa. Asiinue hata sufuria."

Masele alikuwa mtoto mwema. Hilo ndilo lilikuwa balaa. Mtoto mbaya angesahau maagizo kabla ya kufika nyumbani. Masele aliyaandika kwenye ukuta wa jikoni kwa chaki ya kupimia vyuma, na mkewe, Winnie, akayashika kama amri kumi.

Basi Dorotea akawekwa kwenye kochi huko Buhongwa. Akishika ufagio, Winnie anaupokea kwa magoti: "Mama, jamani, mimi nipo kwa ajili gani?" Akiinama kuokota kijiko, anawahiwa. Akitaka kwenda uani, analetewa kiti cha kupumzikia njiani. Jirani waliokuja kumsalimia walimsifu Winnie kwamba ni mkwe wa kuigwa. Na kweli alikuwa wa kuigwa. Asubuhi alileta uji mwepesi, mchana papai, jioni uji tena. Mwanamke aliyelisha nusu ya Shinyanga dagaa alikaa akisikia harufu ya dagaa wa kukaanga kutoka kwa jirani, na mate yakimjaa, akaambiwa ni sumu.

Kila mwezi mhudumu yule alimpandisha kwenye mzani.

"Kilo sitini na mbili! Mama umenenepa, hongera."

Mzani haukudanganya, uliulizwa swali baya tu. Ulipima maji ya tumbo na kuyaita unono. Huku juu mashavu yalizama, mabega yakachongoka kama kitundikio cha nguo, na mapaja yaliyosimama majini miaka ishirini na saba yakawa kama ya kuku wa mnadani. Hakuna aliyepima paja. Hakuna hata aliyeomba kuliona.

Siku moja asubuhi alichuchumaa chooni akashindwa kuinuka. Alishika ukuta, mkono ukateleza. Alijaribu mara nne. Kisha alisita kuita, kwa sababu kuita ilikuwa ni kumwita ama mkwe ama mwanawe, na kwa mwanamke wa Kisukuma hakuna kati ya hao wawili anayefaa kuitwa mahali kama pale. Mwishowe alimwita Winnie. Winnie alimwinua huku akilia.

Dorotea hakulia. Alihesabu. Giza tatu zilikuwa zimeshapita bila ndoo. Zilibaki tatu.

*

Akinyi alikuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia. Alikuwa binti wa wavuvi wa Mara, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na alikuwa ameajiriwa kwenye utafiti uliokuwa ukifanyika hospitali ileile iliyomfunga Dorotea mishipa. Utafiti uliuliza swali jepesi: je, wagonjwa wa ini wakipewa mazoezi, misuli yao itarudi? Dorotea alikuja kwa daktari siku ya kliniki, na Akinyi, aliyekuwa akipita na karatasi zake, alisimama mbele yake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naomba mkono wako."

Dorotea alidhani anataka kusalimiwa tena. Lakini msichana aliugeuza mkono, akabonyeza lile shimo kwa kidole chake, na uso wake ukakunjamana.

"Mama, unakula nini?"

Masele alijibu kwa fahari. Uji. Papai. Wakati mwingine chungwa. Nyama wala dagaa, hata harufu hagusi. Na kazi hafanyi, hata kijiko hainui.

Akinyi alisikiliza mpaka mwisho, maana alilelewa vizuri. Kisha akasema, "Kaka, nani aliwaambia hivyo?"

"Mtaalamu."

"Huyo mtaalamu alitoa ushauri ambao wenzake waliuacha miaka mingi. Wapo wagonjwa wachache ambao daktari mwenyewe huwapangia chakula kwa sababu maalumu. Mama yako si mmoja wao, nimesoma faili lake. Ini likichoka, mwili unatafuta chakula kwingine. Usipompa dagaa, mwili unakula paja."

Dorotea alihisi kitu cha moto kikipanda kutoka kifuani, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi hakikuwa kiungulia.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nimekuwa nikiliwa. Nyumbani kwa mwanangu. Kwenye kochi. Huku watu wakinipongeza."

"Mama, sisi tulikuwa tunakuonea huruma," alisema Masele.

"Huruma yenu imekula mapaja yangu!"

Kliniki nzima iligeuka.

Daktari Shigela, mkuu wa utafiti, alimkubali siku hiyohiyo. Mishipa ya kooni ilikaguliwa upya, ikaonekana imetulia. Kisha ndipo vikaja vipimo ambavyo Dorotea hakuwahi kuviona. Aliminya kifaa chenye mshale kwa nguvu zote, na mshale ukasogea kwa aibu. Paja lake lilizungushiwa futi kamba. Aliwekwa kwenye kiti, mikono kifuani, akaambiwa ainuke na kukaa mara tano. Aliinuka mara mbili. Ya tatu alianguka kwenye kiti kama gunia la mihogo. Mwisho alitembezwa kwenye korido dakika sita, kutoka koni moja nyekundu hadi nyingine, na akapumzika mara tatu.

Alivumilia yote kwa sababu ya ahadi iliyokuwa mbele. Wiki kumi na mbili za mazoezi, mara tatu kwa wiki. Alizigeuza kichwani kwa hesabu yake mwenyewe. Wiki kumi na mbili ni giza tatu, kasoro siku chache. Inatosha.

Ndipo Akinyi akaleta bahasha.

"Watu wote wamepewa ushauri wa chakula, mama, na wewe pia. Dagaa, maharage, mayai, na usilale bila kula kitu. Ila kwa mazoezi kuna makundi mawili. Kundi la kwanza linaanza sasa. La pili linasubiri wiki kumi na mbili, kisha nalo linafanya. Bahasha ndiyo inaamua, siyo mimi."

Karatasi ya Dorotea ilisema kusubiri.

"Nisubiri nini?"

"Ndivyo utafiti unavyokwenda, mama. Tusipolinganisha, hatutajua kama ni mazoezi yaliyosaidia au ni dagaa."

"Kwa hiyo mmenipima kama ng'ombe wa mnadani, mkaona nimekonda, mkaniambia rudi zizini."

"Mama..."

"Wewe ni mtoto wa ziwani. Giza la sita linakuja wiki kumi na mbili kutoka leo. Kichanja changu kinakwenda. Je, giza nalo lina bahasha?"

Akinyi alishusha macho. Alijua giza ni nini, maana mama yake mwenyewe alikuwa anaanika huko kwao. Lakini alikuwa ameapa kufuata utaratibu, na alikuwa akiamini katika utaratibu, na kuamini huko siku ile kulimuuma. "Tunaomba tu uishi kama kawaida yako," alisema kwa sauti ndogo.

Haikuwa haki, na hakuna maneno ya kisomi yanayoweza kuifanya iwe haki machoni pa mtu aliyehesabiwa giza. Utafiti ulikuwa wa haki kwa wagonjwa wote watakaokuja kesho. Kwa Dorotea wa leo ulikuwa mlango uliofungwa.

*

Chini ya dirisha la chumba cha mazoezi palikuwa na benchi la wanaosubiri dawa. Dorotea alikuwa na siku ya dawa kila baada ya wiki mbili, na siku hizo alifika mapema kuliko ilivyohitajika. Alikaa benchini, mkoba mapajani, akisikiliza sauti ya Akinyi ikitoka dirishani.

"Inukeni kwa kuhesabu nne. Moja, mbili, tatu, nne. Kaeni kwa kuhesabu nne. Msizuie pumzi! Mzee Nkwabi, unazuia pumzi. Hesabu kwa sauti, anayehesabu hawezi kuzuia pumzi."

Dorotea alihesabu kimoyomoyo. Mara ya pili alihesabu kwa sauti. Mara ya tatu aliinuka benchini na kukaa, kwa nne na nne, na mgonjwa aliyekuwa pembeni akamwuliza kama ana siafu.

Nyumbani alianza na kochi lenyewe, lile kochi lililomla. Aliinuka na kukaa mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Kisha nne. Akahamia kwenye kigoda cha jikoni, kilicho chini zaidi. Alisukuma ukuta kwa viganja. Alichukua chupa mbili za maji, akaziinua huku akihesabu. Na alikula. Winnie alifuta maandishi ya chaki ukutani kwa kitambaa na machozi, kisha akakaanga dagaa kwa nyanya na karanga kiasi kwamba jirani ndio walioanza kumeza mate. Kabla ya kulala Dorotea alikula kiporo cha maharage.

Lakini kula ni jambo moja, na kuinua ni jambo lingine. Siku Winnie alipomkuta uani akiwa na ndoo ndogo ya rangi iliyojaa mchanga nusu, alipiga yowe.

"Mama! Mishipa!"

"Mishipa imekaguliwa. Sizuii pumzi. Moja, mbili, tatu, nne."

"Nampigia Masele simu!"

"Mpigie. Mwambie mama yake yuko hai."

Masele alikuja na miwani ya kuchomelea bado ikiwa kichwani. Alitaka kuupokea mchanga. Dorotea aliushikilia.

"Baba, ukinipokea hii, unipokee na choo. Uwe unanishika mkono kila asubuhi mpaka nife. Unaweza?"

Masele aliuachia mchanga. Kisha alifanya jambo ambalo mama yake hakulitegemea. Alirudi karakanani kwake, na jioni akaleta chuma cha mviringo alichokikunja kuwa mshikio mzuri wa ndoo, mpana, usiokata kiganja.

"Ule wa zamani ulikuwa mwembamba," alisema, bila kumtazama usoni.

*

Wiki ya kumi na mbili ilipotimia, Dorotea alirudi kupimwa. Kiti kiliwekwa. Akinyi alishika saa.

"Subiri," alisema Dorotea. "Andika kwanza, ndipo upime."

"Niandike nini, mama?"

"Kwamba sikusubiri. Nimefanya yote mliyowafundisha wale wa ndani. Nimeyasikia dirishani. Sitaki kuinuka hapa halafu mseme ni dagaa peke yao. Dagaa nawajua miaka ishirini na saba, wana sifa nyingi, lakini hawainui ndoo."

Kalamu ya Akinyi ilisimama. Akaenda kumwita Daktari Shigela, naye akaja na sura ya mwalimu mkuu aliyepelekewa mtoro.

"Unajua ungeweza kutapika damu?"

"Najua. Nimeshatapika. Najua pia kushindwa kuinuka chooni. Kati ya hayo mawili, daktari, wewe hujaonja hata moja."

Daktari alivuta kiti akakaa, ili asiwe juu yake. "Mama, umetuharibia hesabu kidogo, na umefanya bila mtu wa kukuangalia. Kwa hilo nimekasirika. Lakini wengi hufanya kimyakimya na hawasemi. Wewe umesema."

"Mtanifukuza?"

"Hapana. Jina lako linabaki kwenye kundi la kusubiri, kwa sababu ndiko bahasha ilikokupeleka. Tukianza kuwahamisha watu kwa kuwa wamejitahidi, tutakuwa tunajidanganya. Tutaandika ulichofanya, kama ulivyofanya."

"Basi andikeni na sababu."

"Sababu?"

"Kwamba kusubiri kwa mtu anayeliwa si kusubiri."

Hakukuwa na nafasi ya sentensi hiyo kwenye fomu. Akinyi aliiandika pembeni, kwa mwandiko mdogo, na daktari hakumkataza.

Kisha Dorotea aliinuka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihesabu kwa sauti ya mtu anayeuza sokoni. Ya nne ilimtikisa magoti. Ya tano alibaki amesimama, mikono kifuani, akimtazama Akinyi mpaka msichana akasahau kusimamisha saa. Ule mshale wa kuminya ulipanda. Paja liliongezeka sentimita mbili, na mzani ulionyesha kilo hamsini na saba, kwa sababu maji yalikuwa yamepungua. Mhudumu yule wa zahanati angempa pole kwa kukonda.

Tumbo halikuisha lote. Makovu ya ini hayakufutika, na Dorotea hakudanganywa kwamba yatafutika. Dawa ni za maisha. Lakini alimwambia daktari habari za ndoo, na daktari akampa masharti: ndoo ya lita kumi, siyo ishirini. Asizuie pumzi. Na asikanyage maji kwa miguu mitupu hata dakika moja, maana kichocho bado kiko mlemle kinamsubiri.

*

Kikao cha wanawake wa mwalo kilifanyika mwezi ukiwa bado mkubwa, mitumbwi imepumzika. Mwenyekiti alikuwa Paskazia, mwanamke wa Ukerewe, mwenye sauti ya kengele. Dorotea alikuta kichanja chake kimeshafungwa kitambaa chekundu, alama ya kichanja kinachobadilisha mkono.

"Mama Masele, karibu," alisema Paskazia. "Tumekuonea huruma sana. Tulisema usisumbuliwe. Kichanja kinakwenda kwa mkwe wangu, na wewe tutakuwa tunakutengea sahani."

"Giza la sita limepita?"

"Halijapita, lakini..."

"Lakini nini? Mlishanizika? Sheria niliipigia kura kwa mkono huu." Aliuinua, ule wa shimo, ambalo sasa lilikuwa bonde dogo tu. "Mlisema nanywa gongo. Semeni sasa, nani kati yenu amepima? Wewe Aluoch, umesimama na mimi majini miaka kumi. Tumbo lako limeangaliwa? Wewe je? Mlikuwa mnacheka tumbo langu, na mbegu yake mnayo."

Aluoch alivuta khanga yake ikafunika tumbo.

"Ndoo ya lita ngapi utabeba?" aliuliza mkwe wa Paskazia kutoka nyuma.

"Kumi."

"Hapa wote wanabeba ishirini."

"Nitakwenda mara mbili. Safari ya pili nitakupungia mkono."

Mtu mmoja alicheka, kisha wa pili. Paskazia hakucheka, lakini alikwenda kwenye kichanja akakifungua kile kitambaa, akakikunja, akakitia kwenye mkono wa gauni lake. "Asubuhi ya kwanza ya giza," alisema. "Tutakuwepo wote. Ukimtuma mtu, nakifunga tena."

Wiki iliyofuata Aluoch na wengine watano walionekana kwenye foleni ya kupima kinyesi na damu. Hawakumwambia Dorotea. Akinyi ndiye aliyemwambia.

Asubuhi ya kwanza ya giza, kabla jua halijatoka nyuma ya majabali, Dorotea alikuwa amesimama ufukweni. Miguuni alikuwa amevaa mabuti ya mpira ya Masele, makubwa mno, yaliyojazwa magazeti kwenye vidole. Kichwani alikuwa na kata ya khanga. Mkononi alikuwa na ndoo ya lita kumi yenye mshikio mpana. Wanawake kumi na saba walikuwa wamejipanga nyuma yake kwenye vichanja vyao, wakijifanya wanakung'uta nyavu.

Masele alikuwa amekuja naye. Alisogea hatua moja kuelekea kwenye maji.

"Mikono nyuma, baba," alisema Dorotea.

Masele alirudisha mikono nyuma na kuifunga kwa vidole, kama mwanafunzi aliye kwenye mstari.

Mtumbwi ambao ungemkabidhi dagaa wake ulikuwa wa Okech. Mitumbwi miwili ilikuwa imeshatia nanga, wa Okech bado. Kwa mbali, taa moja ya njano iliyokuwa imesahaulika kuzimwa ilionekana juu ya maji, ikipanda na kushuka. Mtu alisema ni yeye. Mwingine akasema siye, Okech hana taa ya njano.

Dorotea hakuuliza. Alitanua miguu kidogo ndani ya mabuti, akanyoosha mgongo, akaanza kuhesabu kwa sauti ili asizuie pumzi. Moja, mbili, tatu, nne. Taa ikakata kona kuelekea kwao.